Jinsi ya kujua kama jani la mchungwa linamsikia bakteria

Bakteria akitua kwenye jani la mchungwa, jani linajuaje kwamba amekuja? Njia yake moja muhimu ni protini iitwayo FLS2, iliyopenya utando wa seli kama msumari kwenye ubao. Upande wa nje hushika flajelini, protini inayojenga mkia wa bakteria. Haishiki mkia mzima, inashika kipande cha asidi amino 22 tu, kiitwacho flg22. Ikishakishika huungana na protini mwenzake, BAK1, na ndani ya seli protini zinaanza kupokezana fosfeti mpaka kimeng'enya RBOHD kinapomimina oksijeni kali nje ya seli. Oksijeni hiyo tunaweza kuipima kwa mwanga, na ndiyo kazi ninayotaka kukuonyesha.

Anza na jeni. Chukua mfuatano wa protini ya FLS2 ya Arabidopsis, mmea mdogo unaotumika sana maabarani, jeni namba AT5G46330, uupitishe kwenye BLAST, programu inayotafuta mifuatano inayofanana, dhidi ya jenomu (jumla ya habari za kurithi) ya chungwa tamu. Utaletewa orodha ndefu, maana ukoo huu wa vipokezi una ndugu wengi. Usichukue wa kwanza ukaondoka. Mrudishe Arabidopsis kwa BLAST uone kama naye anarudi kwa FLS2. Kisha fungua sehemu ya kinasi, ile ya ndani inayobandika fosfeti: kinasi nyingi zina asidi amino yenye herufi R kabla tu ya ile ya D pale katikati, lakini FLS2 haina hiyo R. Ukiiona, umeshika ndugu wa mbali.

Hapa kuna mtego uliowachelewesha wengi, nami nikiwemo. Chungwa tamu ni chotara wa mbalungi (hapa namaanisha pomelo) na mchenza. Lina kromosomu 18, jozi 9, na kwa jeni nyingi nakala moja imetoka upande wa mbalungi na nyingine upande wa mchenza, kwa hiyo si pacha. Jenomu ya chungwa tamu iliyochapishwa mwaka 2013 ilisomwa kutoka kwenye mmea wa aina ya Valencia uliotengenezwa makusudi ili nakala zote ziwe sawa, hivyo kwa kila jeni inakuonyesha nakala moja tu. Mti ulio mbele yako una pande mbili. Zisome zote mbili kutoka kwenye mti wako mwenyewe, na ukikuta mifuatano miwili inayotofautiana kidogo, usikimbilie kusema umepata jeni mpya.

Miti ya majaribio ichague kwa akili hiyohiyo. Mbegu moja ya chungwa tamu hutoa miche kadhaa, na mingi ni nakala halisi ya mama, kwa hiyo unaweza kupanda mbegu ukapata miti inayolingana. Mbalungi haufanyi hivyo, kila mche wake ni mtu mwingine. Huo ubebeshe kwenye shina la mti mwingine, ili miti yote iwe nakala ya mmoja. Kwa kulinganisha, tafuta mkumkwati, ndugu mdogo wa mchungwa, aina ya Nagami. Unastahimili ugonjwa wa kanka unaoletwa na bakteria Xanthomonas citri, na huitikia flg22 kwa nguvu kuliko mgripfruti aina ya Duncan, ambao kanka huula vibaya.

Sasa jani. Chukua lililokomaa lakini bado laini, lisilo na njia za mdudu wala doa. Kwa kitobozi cha milimita 4 kata viduara pembeni mwa mshipa mkuu, usiuguse mshipa wenyewe. Kata kwa mzunguko mmoja, usisage. Ukisikia harufu kali ya mafuta ya jani imejaa mezani, jua kitobozi ni butu, kinoe kwanza. Kila kiduara kiweke kwenye kisima chake katika sahani nyeupe ya visima 96, kielee juu ya mikrolita 200 za maji safi, vyote vikitazama upande mmoja. Funika, weka gizani, nenda nyumbani.

Hilo la kwenda nyumbani nalisema kwa uchungu. Sahani zangu za mwanzo nilikata asubuhi nikapima mchana. Mistari yote ilipanda, hata ya visima vya maji matupu, nikakaa wiki mbili nikiishuku dawa. Mama mmoja fundi wa maabara aliyenitangulia kazini alisimama nyuma yangu, akatazama skrini, akasema, "Mwanangu, jani lako bado linalia kidonda." Ni kweli tupu. Kukatwa nako ni habari kwa seli, nayo humwaga oksijeni ileile. Usiku mmoja juu ya maji unatosha kulituliza.

Asubuhi nyonya maji kwa pipeti ukipitia ukingoni, bila kugusa kiduara. Weka mikrolita 100 za mchanganyiko wenye luminoli (kemikali inayotoa mwanga ikikutana na oksijeni ile) maikrogramu 34 kwa mililita, peroksidesi (kimeng'enya kinachowezesha mwanga huo) maikrogramu 20 kwa mililita, na flg22 ya mikromola 1. Luminoli iyeyushe kwanza kwenye kiyeyusho cha DMSO, uifunike isione mwanga. Visima vingine vipewe mchanganyiko huohuo bila flg22. Vingine tena vipewe mchanganyiko wenye kipande kinacholingana na hicho kutoka flajelini ya bakteria mwingine, Agrobacterium, ambacho FLS2 kwa kawaida haikitambui. Hivyo vya mwisho wengi huviruka kwa kubana matumizi. Mimi siviruki, kwa sababu ndivyo vinavyonihakikishia kwamba jani limesikia neno lenyewe, halikushtuka tu kwa kuguswa. Weka viduara 12 kwa kila kundi, kutoka majani tofauti, na usome mwanga kila dakika kwa saa nzima.

Jani linalosikia litakuchorea mlima: unapanda upesi, unafika kilele, unashuka. Mstari ukibaki chini, usiandike kwamba jeni ni mbovu. Rudia kwa jani la umri mwingine, kisha angalia kama kipokezi kinazalishwa kweli kwenye jani lile, maana jeni inaweza kuwa nzima na isiamshwe. Ukimaliza hayo na mstari bado umelala, rudi kwenye zile nakala mbili ulizosoma, uzilinganishe na za mkumkwati herufi kwa herufi, ukianzia sehemu ya nje inayoshika flg22.