A7 III au X-T3: jinsi ya kuzipima kabla hujatoa hela

Kila mara kuna mtu ananiuliza, kaka nina hela ya kamera moja tu, nichukue Sony A7 III au Fujifilm X-T3, afu ukimuuliza unapiga picha za nini anakujibu "picha tu, za kawaida". Sasa hapo hata aliyekaa na kamera miaka 30 hawezi kukusaidia. Hizi kamera zote nzuri, ila ile inayomlipa mpiga harusi inaweza kumchosha bure mtu wa mtaani, na ile ya mtaani inaweza kukutoa jasho ukumbini saa nne usiku, bibi harusi anaingia na MC kashaamuru taa zizimwe. Mi natumia A7 III kwa harusi na sendofu, mdogo wangu ana X-T3 anapiga mtaani na bidhaa za watu wanaouza mtandaoni, na tunaazimana sana, kwahiyo ntakuelekeza namna ya kuzipima mwenyewe mkononi.

Kwanini hizi mbili? Kwa sababu zote ni za 2018, Sony ilitangazwa Februari na Fuji Septemba, zikiwa mpya bodi tu (kamera bila lenzi) Sony ilikuwa kama dola 2,000 na Fuji 1,500, na sa hivi mtu anayeanza kazi akitafuta mirolesi (kamera isiyo na kioo ndani) ya mtumba anazikuta hizi hizi. Tofauti kubwa iko kwenye sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. A7 III ni fulu fremu, yaani sensa kubwa, ya megapikseli 24, X-T3 ina sensa ndogo ya APS-C ya megapikseli 26. Usidanganyike na 26 kushinda 24, mteja hataiona hata ukimprintia bango, cha kuangalia ni eneo la sensa yenyewe, ya Sony ni zaidi ya mara mbili ya ile ya Fuji so inakusanya mwanga mwingi zaidi. Afu A7 III ina kitulizo cha mtikisiko ndani ya bodi, X-T3 haina kabisa, wanaokwambia inayo wanaichanganya na X-T4 iliyokuja baada yake.

Haya, kupima. Nenda na memori kadi zako mwenyewe, mbili, na uende na watu wawili ikiwezekana, mmoja mweusi tii na mwingine maji ya kunde, manake hizo ndo sura utakazopiga kazini, sio yule mzungu wa kwenye video za kukagua kamera. Piga kwenye kadi yako, RAW (faili ghafi la kuediti) pamoja na JPEG (picha iliyokamilika), nenda kaangalie nyumbani kwenye skrini kubwa. Ile skrini ya nyuma ya A7 III ni hafifu kidogo inaweza kukufanya udhani picha ni mbaya, na kitundu cha kuchungulia cha X-T3 ni kikali zaidi kitakufanya udhani picha ni nzuri kuliko ilivyo. Usiamue pale kaunta.

Kosa ambalo karibu kila mtu anafanya ni kufunga lenzi ya milimita 50 kwenye zote mbili halafu anashangaa Fuji "inavuta". Kwenye Fuji zidisha mara 1.5, kwahiyo 35 ya Fuji ndo kama 50 ya Sony, na 56 ya Fuji ndo 85 ya Sony. Apecha, yaani uwazi wa lenzi, nayo hivyo hivyo ukitaka nyuma kufifie sawa, f/1.8 ya Sony inadai kama f/1.2 kwenye Fuji, ndo maana kuna 56 ya f/1.2 na bei yake haichekeshi. Na uliza toleo la softiweya kabla ya yote. Sony toleo 3.0 la Aprili 2019 ndo lilileta fokasi ya jicho la mnyama, Fuji toleo 4.00 la Oktoba 2020 ndo liliisogeza otofokasi yake karibu na ya X-T4, so mtu akiipima X-T3 yenye softiweya ya zamani anaionea tu.

Sasa ukumbini, hapa ntakaa kidogo maana ndo hela ilipo. Tafuta kona yenye giza, hata stoo ya duka, weka shata (muda wa kupokea mwanga) 1/160, apecha f/2.8 kwenye zote, ISO (ukali wa sensa kwa mwanga) 6400, piga yule mtu mweusi akiwa anatembea kuja kwako. Angalia vitu viwili, jicho limekamata kwenye picha ngapi kati ya kumi, na kivuli cha chini ya kidevu kina chenga, yaani punjepunje, kiasi gani. Kwangu mimi tofauti ya chenga ni kama hatua moja, yaani Sony kwenye 6400 inafanana na Fuji kwenye 3200 hivi. Hatua moja inasikika kidogo ila ukumbini ndo tofauti ya kupiga bila flashi au kuwaunguza wazee wa meza ya mbele usiku kucha. Na jicho, A7 III inaling'ang'ania hata mtu akigeuka nusu, X-T3 inajitahidi ila kwenye giza inasitasita, na bibi harusi haingii ukumbini mara mbili.

Ila kuna mtego ambao kamera zote zinauingia, shela nyeupe na uso mweusi. Kamera ikiona nyeupe imejaa kwenye fremu inapunguza mwanga, uso unazama. Pandisha mwanga kidogo, kama +0.7, kwenye Sony washa ile mistari ya pundamilia ikuonyeshe shela inapoanza kuungua (kupoteza weupe wake wote), uso ukae sawa kwanza. Kwenye Fuji kuna kitu kinaitwa DR400 kinachookoa nyeupe kwenye JPEG, ila kinaanzia ISO 640, usishangae ISO ikikataa kushuka. Na zile taa za LED za zambarau wanazopenda madekoreta, ukitumia shata ya kimya utaona mistari inakata picha. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kaa kwenye 1/100 au 1/50 mistari mingi inapotea. Shata ya kimya yenyewe utaihitaji kwenye nikah msikitini au kanisani wakati wa kiapo, na hapo niseme ukweli X-T3 inaishinda A7 III maana sensa yake inasomwa haraka, kitu kinachotembea hakipindi sana.

Betri sasa. Kwa vipimo vyao wenyewe A7 III ni picha kama 610 ukichungulia kwenye kitundu, na 710 ukitumia skrini, X-T3 ni kama 390. Kazini unapata zaidi ya hapo kwenye zote, ila uwiano ni huo huo. Sendofu nzima mi natumia betri moja na nusu, mdogo wangu anabeba nne na bado kila saa anaulizia soketi. Zote zinachaji kwa waya wa USB-C so pawabenki inakuokoa umeme ukikatika, ila kwenye bajeti ya Fuji andika betri tatu kabisa, usijidanganye na ile moja uliyopewa.

Zote zina nafasi mbili za kadi, na kwa harusi kama hurekodi kwenye kadi zote mbili kwa pamoja unacheza kamari na ndoa za watu. Kwenye Sony nafasi ya kwanza ndo ya kasi, ya pili ni ya polepole, kwahiyo ukirekodi mbili kwa pamoja mwendo unaufuata wa polepole. Fuji zote mbili ni za kasi.

Mtaani hadithi inageuka. Chukua X-T3 na 35 f/2, lenzi ina gramu 170 na bodi gramu 539, nenda nayo Kariakoo au kazunguke vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka Forodhani jioni wale wa urojo na mishikaki wakianza kuwasha moto. Hakuna anayekutazama mara mbili. A7 III bodi tu ni gramu 650, sio nzito yenyewe, tatizo ni lenzi, ukifunga 24-70 f/2.8 ya Sony ile ya kwanza ya GM unaongeza gramu 886 na sura ya mwandishi wa habari, watu wanaanza kujipanga au kukufukuza. Afu X-T3 ina visahani vya ISO, shata na mwanga juu kabisa, apecha iko kwenye pete ya lenzi yenyewe, unaweka kila kitu kabla hujawasha kamera. Sony ina magurudumu yake ila ISO na shata huzioni mpaka uwashe, na mengine yako kwenye menyu, na menyu ya A7 III, jamani, ni kama ofisi ya serikali, kitu kipo ila dirisha gani hujui.

Rangi ndo watu wanaipendea Fuji na sio uongo. Zile rangi zake zilizopewa majina ya filamu za zamani, JPEG inatoka imeiva, mdogo wangu anamtumia mteja wa vitenge picha kwenye WhatsApp kabla hajafika nyumbani. Lakini chagua vizuri, Velvia ni ya kitenge na bahari, ukiiweka kwenye sura ya mtu inageuka nyekundu kama kapigwa na jua, kwa ngozi zetu mi napenda Astia au Pro Neg Std. Kwenye Sony, JPEG zake kwangu hazinikoshi, naediti RAW, so kama hupendi kukaa na laptopu au huna laptopu ya maana, hii ni sababu kubwa ya kwenda Fuji kuliko hiyo habari yote ya sensa.

Wanyama ntapita haraka. Ukienda Mikumi mara moja kwa mwaka X-T3 na 100-400 inatosha kabisa, lenzi ina gramu 1,375 na kwa ile hesabu ya 1.5 unapata kama 600. Kufika 600 kwenye A7 III utahitaji 200-600 ya kilo 2 na zaidi, ukikata picha badala yake unabaki na megapikseli kama 10. Ila kama ndo kazi yako, upo kwenye gari la watalii kila wiki, ile fokasi ya jicho la mnyama ipo Sony, X-T3 haina. Na vumbi, vumbi la hifadhini halina utani, mirolesi ukitoa lenzi sensa iko uchi pale pale, badilisha lenzi ndani ya gari vioo vimefungwa, kamera imeangalia chini.

Video X-T3 inaongoza na haina ubishi. 4K mpaka fremu 60, na inarekodi biti 10 (ngazi nyingi zaidi za rangi) ndani ya kamera, A7 III inaishia 4K fremu 30 na biti 8, ukikoleza rangi sana anga linapasuka madaraja madaraja. Lakini lile faili la biti 10 la H.265, video iliyobanwa sana, likiingia kwenye laptopu ya zamani linagoma, utasubiri mpaka chai ipoe, so pima kabla, omba faili moja tu la X-T3 ulijaribu kwenye mashine yako. Na ukitembea huku unarekodi kumbuka Fuji haina kitulizo cha ndani, utahitaji gimbo (mpini wa kutuliza kamera) au lenzi yenye OIS, kitulizo cha ndani ya lenzi, kama ile 18-55. Kama unataka kujirekodi mwenyewe ukijiona, zote mbili skrini haigeuki mbele, tafuta kamera nyingine kabisa.

Kabla hujachagua piga hesabu ya vitu vya pembeni. Ulizia wapigapicha wenzako wa karibu wanatumia nini, manake siku lenzi ikikuangukia asubuhi ya harusi utaazima kwao. Kwa ninaowajua mimi Sony ni wengi, na lenzi za kampuni zingine kama Tamron 28-75 f/2.8 ni nyepesi na bei ya kueleweka, Fuji hizo za nje zilichelewa kuja. Flashi za Godox nazo zina herufi mwisho, S ya Sony na F ya Fuji, mi nilishaleta kazini triga (kile cha kuamrisha flashi kwa mbali) ya F kwenye Sony, flashi inawaka inapotaka yenyewe, usiku mzima niliomba msamaha.

Ukishaamua na ni ya mtumba, washa uangalie lugha kwanza. Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake na hakuna kitufe cha kubadilisha, bei nafuu inayokushangaza mara nyingi ndo hiyo. Piga ukuta mweupe kwa f/16, fokasi ipotee makusudi, ukuze picha utafute madoa, vumbi linasafishika ila mkwaruzo kimbia. Funga flashi juu na uipige mara kumi, kwenye Sony vile vipini vidogo vya pale juu vikipinda flashi inakata kata. Tikisa lenzi kidogo uone kama inacheza, weka kadi kwenye nafasi zote mbili, chaji kwa waya dakika tano. Muuzaji akianza kukuharakisha kwenye hatua yoyote kati ya hizo, mrudishie kamera yake umwambie unakwenda ATM.