Kabla hujajenga mfumo wa matangazo juu ya API ya watu, soma masharti hivi

Wadau, hii naandika kwa ajili ya nyie mnaotengeneza dashibodi na programu ndogondogo za kusimamia matangazo ya wateja, hasa wa huku kwetu Mwanza ambako mteja wako ni mwenye loji Capripoint, muuza nyavu na injini za boti Kirumba, au duka la vifaa vya ujenzi Buzuruga. Kuunganisha API yenyewe, yaani ule mlango ambao programu yako inapitia kuongea na mfumo wa jukwaa, ni kazi ya siku mbili tatu, mifano ipo kibao. Kinachokuja kukuumiza ni yale masharti uliyobonyeza nakubali bila kusoma, sababu tumezoea kwamba "vigezo na masharti kuzingatiwa" ni ile sauti inayokimbia mwishoni mwa tangazo la redio. Kwenye API ya matangazo yale ndo mkataba wenyewe, ukiuvunja wanafunga mlango na biashara yako yote iko ndani.

Nitatumia Google Ads API kama mfano sababu ndo ninayoshinda nayo kutwa. Ukienda kwa Meta majina yanabadilika ila maswali ya kujiuliza ni yaleyale.

Kwanza kabisa yaprinti. Nenda steshenari yoyote, toa masharti ya API pamoja na sera zake, chukua peni mbili. Nyekundu piga mstari kila palipokatazwa kitu, bluu kila palipoandikwa lazima ufanye kitu. Alafu pembeni ya kila mstari andika kinagusa nini kwako: mteja gani, jedwali gani kwenye database, batani gani kwenye skrini. Mstari usiogusa kitu chako uruke. Mimi ilinichukua Jumamosi nzima, na kati ya niliyopigia mstari mwekundu mawili nilikuwa nayafanya tayari bila kujua.

Swali la kwanza la kujibu ni hili, programu yako unaitumia mwenyewe au mteja anaingia na paswedi yake? Google wanatofautisha sana hapo. Ikiwa ni ya ndani kwako mambo mepesi, ila ukiwapa wateja watumie na unataka Standard, ngazi ya ruhusa iliyo juu ya Basic, kuna orodha ya vitu ambavyo lazima programu iwe navyo kutegemea inafanya kazi gani, kutengeneza kampeni, kuihariri, kuonyesha ripoti fulani na kadhalika. Watu wengi tunaanza na skrini moja nzuri inayoonyesha leo umetumia shilingi ngapi, tunaiuza hivyo, alafu ukiomba kupandishwa ngazi ndo unaambiwa nusu ya vitu havipo. Amua mapema.

Swali la pili ni hesabu ya matumizi. Ngazi ya Basic inakupa operesheni 15,000 kwa siku (kila badiliko au ombi unalotuma linahesabika) na zinaonekana nyingi kweli. Sasa piga hesabu: una wateja 12, kila mmoja ana maneno ya utafutaji 500, na skripti yako inabadilisha bei ya kila neno. Mzunguko mmoja ni 6,000, ukiendesha mara mbili kwa siku 12,000, mara ya tatu unatakiwa 18,000 na hapo umeshagonga ukuta mchana kweupe. Kuvuta ripoti siyo tatizo, wateja haohao 12 ukiwavutia kila dakika 15 ni maombi 1,152 tu kwa siku. Kwa hiyo kabla ya kumuahidi mteja kwamba mfumo unabadilisha bei kila saa, kaa na kalkuleta.

Sasa tokeni, ule msimbo wa siri unaoitambulisha programu yako kwenye API. Hii imeandikwa wazi kwamba ni yako wewe na huruhusiwi kumpa mtu, na hapa naomba mnisikilize vizuri sababu niliumia. Kuna jukwaa moja (siyo la Google) nilikuwa nalifanyia kazi, rafiki yangu akawa anasubiri maombi yake yapitishwe, nikamtumia tokeni yangu WhatsApp ajaribu kidogo. Skripti yake ikawa inagonga bila kupumzika usiku kucha, asubuhi naamka ufikiaji wangu umekatwa. Kibaya zaidi, akaunti za wateja watatu nilikuwa nimezifungua kwa jina langu na imeili yangu, nao hawakuwa na njia yoyote ya kuingia. Tangazo la ofa la mmoja wao liliendelea kula hela siku mbili baada ya ofa kuisha, anapiga simu, "Kaka zima hilo tangazo," na mimi siwezi kulizima. Nilimrudishia hela yake yote kutoka mfukoni mwangu, lakini kuaminiwa na yule mtu sikurudishiwa.

Tangu hapo utaratibu wangu uko hivi na sibadilishi kwa mtu: akaunti ya matangazo ni ya mteja, kwa imeili yake, kadi yake, mimi naiunganisha tu kwenye akaunti yangu ya meneja. Kila mteja akaunti yake peke yake, usichanganye loji tatu kwenye akaunti moja eti ili iwe rahisi, sera inakataza. Na kama unachaji hela ya usimamizi juu ya hela ya matangazo, sera inataka mteja ajue, pamoja na kumpa angalau kila mwezi gharama, kliki na mara ngapi tangazo limeonekana. Mimi naandika kwenye risiti mistari miwili, hela iliyoenda Google na hela yangu. Mwanzoni niliogopa wateja watakimbia wakiona, hawakukimbia.

Watu huuliza pia kama inaruhusiwa kuweka kampeni za majukwaa mawili kwenye dashibodi moja. Ugomvi huu ni wa zamani, ulifika mpaka kwa mamlaka ya ushindani ya Marekani, FTC, na Januari 2013 Google wakaahidi kuondoa masharti ya AdWords API (ile ya zamani kabla ya Google Ads API) yaliyokuwa yanawabana madevelopa kwenye hilo. Ila kwa kila jukwaa soma lilivyoandika leo, na utunze nakala yenye tarehe, ukipata imeili kwamba masharti yamebadilika unalinganisha mwenyewe.

Mengine kwa haraka. Imeili uliyoweka kwenye API Center, ule ukurasa wa tokeni ndani ya akaunti yako ya meneja, iwe unayoisoma, wakitaka kukukagua wanaandikia hapo. Matoleo ya API yanakufa, AdWords API nzima ilizimwa 27 Aprili 2022, na matoleo ya hii mpya nayo yanastaafishwa, kwa hiyo kwenye bei unayomtajia mteja weka na hela ya matengenezo. Hela zinakuja kwa maikro, shilingi 1 ni 1,000,000, usisahau kugawanya. Na kama mradi wako wa OAuth (njia ya mteja kukuruhusu kuingia kwenye akaunti yake) bado uko kwenye hali ya majaribio, refreshi tokeni, ile inayokuwezesha kuendelea kuingia bila kuomba ruhusa upya, inakufa baada ya siku 7, usianze kulaumu mtandao.

Nimeacha mwisho taarifa za watu, sababu hapa ndo nimekaa sana. Mama mmoja mwenye loji aliniita, baada ya shikamoo akatoa kitabu cha wageni, kile kikubwa chenye jina, kabila, kazi, anakotoka, anakokwenda, namba ya simu, sahihi. Akaniambia, "Mwanangu, namba zote hizi ninazo, ziingize huko kwenye matangazo waliolala hapa warudi." Kiufundi inawezekana kabisa, unaandika namba kwa +255 badala ya kuanza na 0, unaipitisha SHA-256 (hesabu inayoigeuza kuwa msimbo usiosomeka), unapandisha orodha. Na sera inataka taarifa ambazo biashara imezikusanya yenyewe, mama kazikusanya mwenyewe, mtu anaweza kusema tumepita.

Nikamwonyesha ukurasa mmoja. Kijana wa boda aliyetoka Sengerema, mama aliyekuja kumuuguza mtu Bugando, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Ukerewe. Nikamwambia, mama, hawa waliandika namba sababu kitabu cha wageni ni lazima, hakuna aliyeambiwa kuhusu matangazo. SHA-256 inaificha namba isisomeke ila haibadilishi kwamba hakukubali. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, Tume ipo, na anayekusanya na anayechakata wote wanahusika, yaani mama na mimi.

Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, tufanyeje?" Tukatengeneza karatasi ndogo ya Kiswahili inayokaa kaunta, sentensi mbili, inauliza kama mgeni anataka kupata ofa za loji kupitia namba yake, ndiyo au hapana, na jinsi ya kujitoa. Dada wa mapokezi anaisoma kwa sauti kwa asiyejua kusoma. Kila Ijumaa napita kuchukua karatasi, naingiza za ndiyo peke yake, na kitabu cha wageni kinabaki palepale kaunta.