Kikompyuta cha ofisini kwa ajili ya gemu: kikague hivi kabla hujatoa hela

Wakuu habari. Kila wiki naletewa picha ya kikompyuta cha mtumba, "kaka hii inacheza GTA?", na picha yenyewe ni ya stika tu. Nimechoka. Naandika mara moja, atakayeniuliza tena namrudisha hapa.

1. Kiwashwe mbele yako.

2. Soma namba yote ya prosesa, usiishie kwenye "i7". i7-3770 ni kizazi cha tatu, kori nne, wakati i5-8500 ni cha nane, kori sita, na inaiacha mbali. Windows 11 inakubali bila ujanja kuanzia Intel kizazi cha nane, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025.

3. Ramu mbili za 4GB ni bora kuliko moja ya 8GB, manake mbili zinasomwa kwa pamoja, kasi inaongezeka, na kama hamna kadi ya grafiki mashine inakopa humo humo.

4. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows). Ikidai nywila na muuzaji haijui, aga uondoke.

5. UKUBWA WA KESI. Hapa ndo nililia. Niliagiza Dar kile kidogo kabisa, cha saizi ya kitabu, kikaja na basi, chaja yake kama ya laptopu, mi nikajisemea kadi nitaweka mbele ya safari. Nafungua kifuniko hapa Mwanga, Kigoma, nakuta feni, ramu, diski, basi, tundu la kadi hakuna kabisa! Nikakiuza kwa hasara nikachukua kile cha kulala kama deki, nikakimbilia kadi ya GTX 1060 ya mtu. Bati lake la nyuma likazidi kesi kama sentimita nne, na juu yake inataka waya wa pini sita ambao pawa saplai haina. Hasara mara mbili kwa mwezi mmoja, mke wangu mpaka leo ananitania.

Kwa hiyo unataka kadi FUPI (low profile, yenye bati fupi la nyuma) isiyo na waya wa umeme, inayokula umeme wa tundu lake tu, na tundu mwisho wake ni wati 75. GTX 1650 fupi inaingia humo. Soma na stika ya pawa saplai: OptiPlex 7050 ya kulala ina wati 180, na plagi zake si za kawaida, usidhani utachomeka yoyote ya dukani.

ONYO: kadi za GT 1030 ziko mbili, ya GDDR5 na ya DDR4. Jina moja, ila memori ya DDR4 kasi yake ni kama theluthi tu ya mwenzake. Muuzaji hakuambii.

6. Cheza gemu nusu saa kifuniko kikiwa kimefungwa. Joto la prosesa likipita nyuzi 90, ujue ni vumbi au pesti ya juu ya prosesa imekauka.

MASWALI

Kijana wa Gungu: Nimeona moja Ujiji, i7, nichukue?

— i7 ya ngapi? Hatua ya 2.

Kijana wa Gungu: Imeandikwa i7 tu.

— Basi na mimi sijui.

Mzee wa Kibirizi: Si mnunue laptopu tu yaishe?

— Mzee wangu, shikamoo. Laptopu ya bei hiyo kadi huiongezi. Mada ni hii.

Dada Mwanga: Kaka, kwenye kizazi cha sita RX 6400 si bora kuliko 1650? Inakula wati 53 tu.

— Swali zuri dada. Umeme inakula kidogo kweli, ila inatumia njia nne tu za PCIe (tundu la kadi), kwenye bodi za zamani za PCIe 3 inapoteza kasi. Na haina kifaa cha kurekodi video, kama unarekodi mechi zako mzigo wote unaangukia prosesa. Kwa kizazi cha sita nachagua 1650. Ukipata zote dukani nitumie picha za nyuma tukague wote.

Dada Mwanga: Nashukuru. Na umeme ukirukaruka?

— UPS (betri ya akiba), hata ndogo. Ikuvushe dakika ya kuseivu na kuzima.

Fundi TV: Mi nimechomeka kwenye TV, kioo nyeusi tii. Nyuma ya kompyuta kuna DisplayPort na VGA, nimenunua waya wa HDMI kwenda DisplayPort.

— Umenunua uliogeuzwa. Unatakiwa wa DisplayPort KWENDA HDMI, nyingi zinapitisha upande mmoja tu.

Fundi TV: Dah. Nimeupata. Inawaka.