Kubadilisha mpira wa kutolea maji chini ya sakafu ya boti kuukuu ya uvuvi, hatua kwa hatua

Boti imeegeshwa jioni ikiwa kavu. Asubuhi tezi (nyuma ya boti) imeshuka kuliko omo (mbele yake), na mvuvi anachota maji na kuyamwaga nje nusu saa nzima kabla ya kuwasha injini. Anaikagua chini, anahisi kuna ufa, anapaka rezini, na wiki mbili baadaye maji yamerudi. Boti za faiba ninazoitiwa kwenye bwawa la Mtera, zaidi zile zilizofanya kazi baharini kwanza kisha zikapandishwa lori kuja huku bara, ugonjwa wao mara nyingi ni mwingine. Kuna mpira unaotoka kwenye tundu la sakafuni kwenda nyuma, ili maji ya mawimbi na ya kuoshea samaki yatoke yenyewe. Umelala gizani, katikati ya sakafu na mkuku (uti wa chini wa boti), na mkono haufiki. Ukipasuka, maji yaliyotakiwa kwenda bwawani yanaingia kwenye ngama, yaani nafasi iliyo chini ya sakafu. Na boti ikibeba samaki, barafu na watu wanne, tundu la nje linazama, hapo bwawa lenyewe linaingia kwa njia hiyo hiyo.

Usiichukulie kazi hii kuwa ndogo. Lita 200 za maji ni kilo 200, na hazitulii: boti ikilala upande mmoja, zote zinakimbilia upande huo. Mtera kuna viboko na mamba. Sitaki mtu apinduke usiku kwa sababu ya mpira.

Wakati mzuri wa kazi ni mwisho wa kiangazi. Uso wa maji ya bwawa kwa kawaida hupanda na kushuka kati ya mita 698.5 na 690 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa ufuo ni tambarare, Oktoba na Novemba maji huwa yamerudi nyuma mbali sana. Boti nyingi zinakuwa zimekaa kwenye udongo mkavu. Iwekee magogo pande zote mbili ikae imara, omo juu kidogo.

Vya kuandaa

Mpira mpya wenye kipenyo kile kile cha ndani (ninazokutana nazo zaidi ni za inchi moja na nusu), klipu nane, kamba ya nailoni, springi ya kuvutia nyaya ya mafundi umeme, bisibisi, spana ndogo, tochi ya kichwani, msasa, asetoni, gundi ya poliyurethani, themosi ya maji ya moto na sabuni ya maji.

Kuhusu mpira: Dodoma mjini utaupata kwenye maduka ya pampu za umwagiliaji, ule wa kuvutia maji, wenye uti mgumu unaozunguka ndani ya ukuta wake. Shika wenye ndani laini. Ule wenye mikunjo kama koo la kuku ni wa bei nafuu na unapinda vizuri, lakini magamba ya samaki yanakwama kwenye mikunjo, na ndipo unapoanza kuchanika.

Klipu nazo zipime dukani. Beba sumaku, hata ile ya spika iliyokufa. Klipu nyingi zina mkanda usioshika kutu na skrubu ya chuma cha kawaida. Sumaku ikiing'ang'ania skrubu, iache hapo hapo. Nimefungua boti ambayo mkanda uling'aa kama mpya na skrubu yake imekuwa unga.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mpira kweli

Toa betri na tangi la petroli. Fungua kila kifuniko, acha upepo upite angalau saa moja. Mvuke wa petroli hulala chini kwenye ngama, na cheche moja ya drili inatosha kuua. Kausha ngama kwa matambara. Ziba tundu la nje kwa tambara lililobanwa na kipande cha mti. Changanya ndoo ya maji na bluu ya kufulia, mimina kwenye tundu la sakafuni hadi lijae, weka alama ya kalamu kwenye usawa wa maji.

Sasa chukua karatasi ya chooni, itandaze chini ya mpira kila mkono wako unapofika, na kule usikofika isukume kwa fimbo. Subiri dakika 30. Maji yakibaki kwenye alama, mpira ni mzima, katafute kwingine. Yakishuka, toa karatasi polepole. Doa la buluu likiwa mwishoni tu, kwenye klipu, huenda ukabadilisha klipu ukamaliza. Likiwa katikati, endelea. Karatasi haidanganyi: mara moja niliona doa dogo kama shilingi ya zamani, sentimita 40 kutoka kwenye kona, na mpira ulipotoka, alama za meno ya panya zilikuwa pale pale.

Hatua ya 2: Pitisha kamba kabla hujagusa klipu

Hii ndiyo hatua ninayoiombea kila fundi aishike. Boti yangu ya pili pale Mtera niliuchomoa mpira wa zamani kwa furaha kwa sababu ulitoka kirahisi. Nikabaki na shimo jeusi huku na shimo jeusi kule, mataruma (mbavu za boti) katikati, na njia siijui. Nililazimika kukata sakafu ya mtu mahali ambapo hapakuhitaji kukatwa, na siku tatu za uvuvi zikampotea.

Mpira mzee ndio unaoijua njia. Sukuma springi ndani yake kutoka nyuma hadi itokee kwenye tundu la sakafuni. Funga kamba, irudishe. Kamba iwe na urefu zaidi ya mara mbili ya mpira: upande wa mbele ifunge mahali imara, upande wa nyuma iache ndefu. Hivyo mpira ukitolewa kwa nyuma utateleza juu ya kamba, na kamba itabaki ndani.

Hatua ya 3: Toa mpira wa zamani

Legeza klipu. Zilizokufa zikate kwa msumeno wa chuma. Mpira usivutwe kwa nguvu kutoka kwenye nipo, yaani kile kishingo kigumu chenye meno ambacho mwisho wa mpira huvikwa. Chana kwa kisu juu ya nipo, kwa urefu, bila kuikwaruza nipo yenyewe. Mkwaruzo wa leo ni njia ya maji kesho. Kisha uzungushe mpira kushoto na kulia mpaka uachie, halafu vuta.

Usipoachia, umeshikwa na povu au faiba iliyomwagikia. Hapo ndipo unapokata tundu la ukaguzi la inchi sita, karibu na kona. Gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi: panapolia kama ngoma ni wazi, panapojibu kwa uzito kuna taruma. Toboa kwanza tundu jembamba, ukiwa umezungushia utepe kwenye drili ili isizame zaidi ya unene wa sakafu. Ukikuta mbao katikati ya faiba, kingo zake zipake rezini kabla ya kufunga kifuniko, la sivyo zitanyonya maji na kuoza. Rezini ichanganye alfajiri. Saa nane mchana joto la huku litaigandisha kwenye kopo.

Hatua ya 4: Vuta mpya

Toboa matundu mawili kwenye ncha ya mpira mpya, pitisha kamba, funga, zungushia utepe hadi ncha ichongoke kama mkuki. Paka sabuni ya maji, usitumie grisi. Mnahitajika wawili: mmoja anasukuma, mwingine anavuta, na anayesukuma ndiye mwenye amri kwa sababu yeye ndiye anayehisi mpira unapogoma. Ukigoma, rudisha nyuma kidogo, zungusha, endelea.

Kata ncha iliyotobolewa. Tumbukiza mwisho wa mpira kwenye maji ya moto dakika moja hadi ulainike, uvike kwenye nipo hadi mwisho wa meno yake. Klipu mbili kila upande, skrubu zikitazama pande tofauti.

Tazama pia mteremko. Maji hapa hayana pampu, yanashuka tu. Mpira ukining'inia katikati, pale panakuwa bwawa la matope na magamba. Ufunge kwenye mataruma kila baada ya sentimita 30 hivi popote mkono unapofika, ushuke moja kwa moja hadi nyuma.

Hatua ya 5: Nipo ya nje

Kama inacheza, ing'oe, safisha kwa msasa na asetoni, irudishe na gundi ya poliyurethani. Silikoni ya madirisha haishiki faiba vya kutosha chini ya maji. Gundi hii hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani, na kiangazi cha Dodoma hewa ni kavu. Muda ulioandikwa kwenye tyubu usiutegemee. Mimi hutundika gunia bichi karibu na nipo, naliloanisha asubuhi na jioni, na nasubiri siku tatu.

Hatua ya 6: Pima tena

Rudia ndoo ya bluu, safari hii kwa saa mbili, na karatasi mpya. Kisha ipeleke boti majini, kaa watu watatu upande wa tezi ili tundu la nje lizame, mwache mmoja amulike ngama kwa tochi. Pakiwa pakavu kwa nusu saa, rudisha betri na tangi. Baada ya safari ya kwanza ya usiku kaza klipu zote tena, maana mpira uliolainishwa kwa maji ya moto hukaa sawa baadaye, na skrubu utaikuta imepata nafasi ya nusu mzunguko.