Somo: Tuifuate neva ya saba kutoka ubongoni hadi shavuni

Habari zenu wanafunzi wa utabibu na uuguzi. Wengi mnalalamika kwamba neva 12 za fuvu zinawatoa jasho. Mnazikariri majina na namba, mkifika wodini mnakwama. Leo tuchukue moja tu, neva ya saba, ile ya uso, tuifuate kama mto kutoka chanzoni. Ukijua inapita wapi na inagawa nini njiani, mgonjwa mwenyewe atakuonyesha palipoharibika. Shika penseli, uchore huku unasoma.

Hatua ya 1. Anzia kwenye poni, sehemu ya katikati ya shina la ubongo. Nyuzi zinazoendesha misuli ya uso hazitoki hapo moja kwa moja. Kwanza zinarudi nyuma, zinakizunguka kiini (kituo cha seli ndani ya ubongo) cha neva ya sita, ile inayogeuza jicho kutazama nje, kisha zinakwenda mbele. Uchore vizuri mzunguko huo. Ukimkuta mgonjwa amepooza uso, na jicho la upande uleule haliwezi kutazama kwa nje, ifikirie poni.

Hatua ya 2. Neva inatoka kwenye kona kati ya poni na serebelamu, yaani ubongo mdogo wa nyuma, ikiwa sambamba na neva ya nane, ya kusikia na mizani ya mwili. Zinaingia pamoja kwenye tundu la ndani la sikio. Uvimbe ukiota hapo unaweza kuzibana zote mbili.

Hatua ya 3. Hapa tusiwe na haraka. Neva sasa inaingia kwenye mfereji ndani ya mfupa, safari ya sentimita 3 hivi. Mlango wa mfereji huo ndio mwembamba kuliko sehemu nyingine zote, haufiki hata milimita 1. Mfupa hautanuki, kwa hiyo neva ikivimba inajibana yenyewe. Mbele kidogo inapinda kama goti, na penye goti pana fundo la neva. Hapo linatoka tawi la kwanza, linaloelekea kwenye tezi ya machozi. Kisha neva inapita juu ya kikuku, kile kifupa kidogo cha sikio la kati, inashuka, na kutoa tawi la msuli wa kikuku. Msuli huo hutuliza sauti kubwa. Ukipooza, hata mlio wa sufuria unakera sikio. Tawi la tatu ni uzi unaokatiza kwenye ngoma ya sikio, kati ya nyundo na fuawe, vifupa wenzake kikuku. Huo unabeba ladha ya theluthi mbili za mbele za ulimi, pamoja na amri za tezi za mate zilizo chini ya taya na chini ya ulimi. Mimi nauona ndio uzuri wa somo lote: ladha ya chai yako inapitia sikioni!

Hatua ya 4. Neva inatokeza nyuma ya sikio, inaingia kwenye tezi ya paroti, tezi kubwa ya mate iliyo mbele ya sikio, na kugawanyika matawi matano. Weka kiganja cha kulia kwenye shavu la kulia, kitako cha kiganja kikiwa sikioni, vidole vimetanuka kuelekea mbele. Kidole gumba kinaelekea kwenye paji, kidole cha mwisho shingoni. Hayo ndiyo matawi yako.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwa kuwa inapita ndani ya paroti, ndiyo inayotoa mate ya tezi hiyo?
Jibu: Hapana, inapita tu. Mate ya paroti yanaamriwa na neva ya tisa. Mtihani unalipenda sana swali hili.

Swali: Tutatofautishaje kupooza kwa neva hii na kiharusi?
Jibu: Mwambie mgonjwa anyanyue nyusi. Sehemu ya kiini inayoendesha paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Ya mdomo hutegemea zaidi upande wa pili. Kwa hiyo kiharusi cha ubongo wa juu hupindisha mdomo, lakini paji bado linakunjamana. Neva yenyewe ikiharibika, upande wote unalegea, paji na mdomo. Nikiwa mwanafunzi tulimwandikia mama mmoja kiharusi bila kumtazama paji, na jicho lake lisilofumba likakaa siku kadhaa bila kinga. Halijanitoka moyoni mpaka leo.

Swali: Kwa nini mtoto mchanga huumia neva hii akivutwa kwa koleo wakati wa kuzaliwa?
Jibu: Kile kinundu cha mfupa nyuma ya sikio kwake hakijaota, hivyo neva iko juujuu chini ya ngozi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Jirani yetu ameamka jana mdomo umepinda, wazee wanasema amepigwa kofi na jini. Tumsaidieje?
Jibu: Marahaba. Mpelekeni hospitali leo hii. Mkono au mguu ukilegea, au maneno yakimtatiza, ni dharura. Ikiwa ni neva peke yake, dawa ya predinisoloni husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72, na daktari ndiye wa kuiandika. Aangaliwe sikio kama lina malengelenge, maana mkanda wa jeshi hushambulia hapo pia, na apimwe VVU. Jicho lilindwe kwa matone mchana, mafuta ya macho usiku, na kope zifungwe kwa plasta laini wakati wa kulala. Wazee waambieni kwa heshima kwamba wengi hupona kabisa.