Namna ya kukagua ukweli wa filamu ya mtu wa historia

Tazama filamu mara mbili: ya kwanza kwa raha, ya pili ukiwa na daftari la safu tatu: dakika, kinachoonyeshwa, kilichotokea. Tuchukue The Last King of Scotland (2006), inayomhusu Idi Amin.

Anza na wahusika. Daktari Nicholas Garrigan, daktari wa Amin kwenye filamu, hakuwahi kuishi. Ametoka kwenye riwaya. Basi kila tukio analolisababisha yeye litie alama ya shaka, hata kama waliomzunguka ni watu halisi.

Kisha tarehe, na hapa ndipo filamu nyingi hujikwaa. Andika mhimili wako wa tarehe kabla ya kutazama tena: mapinduzi yaliyomweka Amin madarakani Uganda, 25 Januari 1971; amri ya kuwafukuza Waasia ndani ya siku 90, Agosti 1972; kifo cha Kay, mke wa Amin, 1974; utekaji wa ndege iliyopelekwa Entebbe, Uganda, mwishoni mwa Juni 1976. Filamu inabana miaka hiyo, kifo cha Kay kikakaribiana na Entebbe kana kwamba ni wiki moja. Kubana muda si dhambi. Kosa ni pale kunapobadilisha sababu: Kay wa kwenye filamu anauawa kwa penzi lake na daktari ambaye hakuwepo.

Mavazi na magari yaache mwisho. Usihadaike na sare iliyoshonwa vizuri. Fundi cherehani hathibitishi mazungumzo ya chumbani. Hayo thibitisha kwa magazeti ya wakati ule na kumbukumbu za waliokuwepo, angalau vyanzo viwili visivyonukuliana.