Kuondoa mvumo kwenye gitaa la umeme kwa utepe wa shaba

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mpiga solo wa kwaya moja. Gitaa lake ni la aina ya Stratocaster, pikapu (vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi) tatu za koili moja, na likichomekwa kanisani linavuma kiasi kwamba nyimbo za taratibu haziimbiki. Alishashauriwa auze anunue jingine. Gitaa lenyewe ni zima kabisa. Lilikosa kinga tu.

Hatua ya 1: Jua unapambana na mvumo gani

Washa amplifaya, ongeza sauti, usiguse nyuzi. Kisha ziguse.

Mvumo ukipungua, hiyo ni dalili nzuri. Nyaya za ukutani na taa zina uga wa umeme, mwili wako unaupokea na kuupitisha kwenye waya za gitaa. Ukigusa nyuzi, mwili unaunganishwa na ethi (waya wa ardhini) na mvumo unashuka. Huu ndio shaba inaoutibu. Mvumo ukizidi unapogusa, waya mbili za jeki, yaani tundu la kuchomekea kebo, zimebadilishana. Rekebisha hilo kwanza. Nyuzi zisipoleta tofauti yoyote, ila chuma cha jeki kinaleta, basi waya unaotoka kwenye daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa, umekatika.

Sasa simama palepale na ugeuke taratibu. Mvumo ukipanda na kushuka kwa jinsi unavyoelekea, huo ni uga wa sumaku, mara nyingi kutoka transfoma ya amplifaya, na utepe wa shaba hauuzuii. Umeme wetu ni wa hezi 50. Kwa masafa hayo uga huingia ndani ya shaba kama milimita 9 ndipo ubaki kidogo zaidi ya theluthi ya nguvu yake, na utepe wetu haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Kwa mawimbi ya redio ya FM, karibu na megahezi 100, kina hicho ni chini ya mikroni 7, ndiyo maana utepe huohuo unayazima vizuri. Dhidi ya sumaku, sogea mbali na amplifaya, au weka pikapu za koili mbili, ambazo Seth Lover alizibuni pale Gibson katikati ya miaka ya 1950. Kuna watu wanaotaka kutumia mu-metali, ile aloi ya nikeli na chuma. Inafaa kufunikia transfoma. Ukiizungushia pikapu, inavuta sumaku yenyewe ya pikapu na sauti ya gitaa inaharibika.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: usikate pini ya ethi ya plagi ya amplifaya, wala usitumie adapta isiyo na ethi, eti mvumo upungue. Mvumo unaweza kupungua kweli. Lakini nyuzi unazozishika zimeunganishwa na chuma cha amplifaya, na siku umeme ukivujia kwenye chuma hicho, ethi ndiyo ya kukuokoa. Ukihisi mtetemo midomo inapogusa maikrofoni huku umeshika nyuzi, zima kila kitu.

Hatua ya 2: Chagua nyenzo

Foili ya jikoni inakinga, kwa sababu alumini inapitisha umeme vizuri. Tatizo ni kuiunganisha: juu yake kuna tabaka la oksidi, risasi ya kulehemu haishiki. Mimi siitumii. Rangi ya grafiti inafaa kwenye mashimo ya gitaa, yanamokaa pikapu na waya, yenye kona za mviringo, ila inataka mikono kadhaa ya kupaka, na waya wa ethi lazima ubanwe kwa skrubu. Ninayoipenda ni shaba ya utepe, upana wa sentimita 3 hadi 5. Inakatika kwa mkasi na inakubali risasi.

Hatua ya 3: Fungua

Piga picha ya waya zote kabla ya kutoa chochote. Safisha mashimo kwa spiriti, yaache yakauke.

Hatua ya 4: Bandika, na uhakikishe vipande vyote vimeungana

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Gitaa la huyu kijana lilikuwa tayari limebandikwa shaba na fundi mwingine, safi kwa macho, na bado likavuma. Nilipoweka mita ya kupimia umeme, kila kipande kilikuwa kivyake.

Sababu ni gundi. Tepe nyingi zina gundi isiyopitisha umeme, kwa hiyo kipande kikilala juu ya kingine, shaba haigusi shaba. Zipo zenye gundi inayopitisha, na ukiweza kuzipata nunua hizo, lakini usiziamini bila kupima, hasa Pwani ambako unyevu wa chumvi unaila shaba kwenye maungio. Bandika vipande viwili kwenye ubao, kimoja kikipanda juu ya kingine kwa sentimita moja. Weka mita kwenye mlio, ile sehemu inayolia umeme ukipita. Ncha za mita ziwe mbali na ungio, maana ukizikandamiza juu ya ungio lenyewe zinatoboa na kukudanganya.

Hata mita ikilia, mimi nalehemu kila ungio. Tone moja linatosha. Tumia chuma cha kulehemia cha wati 60 au zaidi, gusa na uondoe haraka: shaba inasambaza joto, na chuma dhaifu kitakulazimisha kukaa sana hadi mbao iungue. Kwenye ubao wa plastiki wa mbele usilehemu kabisa, plastiki itajikunja. Huko kunja ukingo wa kila kipande upande wa gundi, ili shaba ilalie shaba, kisha kandamiza kwa mgongo wa kijiko.

Wengi huacha ulimi wa shaba utokeze kwenye mdomo wa shimo, ubanwe na ubao wa mbele. Nauacha pia, lakini siutegemei. Nalehemu waya mmoja kutoka shaba ya shimo hadi mgongo wa kidhibiti cha sauti, ambao umeungana na ethi ya jeki. Shaba isiyofika kwenye ethi haikingi kitu.

Kisha jeki. Ukichomeka plagi, ulimi wa jeki unasukumwa nje kuelekea ukutani mwa shimo. Ulimi huo ukigusa shaba, gitaa linanyamaza kabisa. Funika ukuta huo kwa tepu ya umeme, na upime plagi ikiwa ndani.

Pikapu zenyewe usizifunike juu kwa shaba. Mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya shaba hiyo hupunguza ukali wa sauti nyembamba.

Hatua ya 5: Funga na ujaribu

Rudisha kila waya kwa kufuata picha. Tumia kebo yenye kinga iliyosukwa na kubana.

Ukitumia pikapu moja peke yake, mvumo kidogo wa sumaku utabaki. Kama pikapu yako ya kati imezungushwa kinyume, kama ilivyo kwenye magitaa mengi ya aina hii ya siku hizi, weka swichi kwenye nafasi ya 2 au ya 4: pikapu mbili zikifanya kazi pamoja, mvumo huo unafutana.